Gongo la Chuma la Isobe Kanji

Nitaanza na mikono yake, maana kiwandani watu waliijua mikono hiyo kabla hawajalijua jina lake. Viganja vya Isobe Kanji vilikuwa na sugu ngumu kiasi kwamba aliweza kushika bakuli la supu lililotoka jikoni sasa hivi na kulibeba polepole hadi mezani, huku sisi wengine tukipuliza vidole. Sugu hizo hakuzipata kazini. Alizipata kwenye gongo la chuma.

Mimi naitwa Mizoguchi. Nilikaa naye miaka kumi na mitano katika kiwanda cha pampu za maji kule Gunma, chini ya Mlima Akagi, na katika timu ya besiboli ya kiwanda hicho. Asubuhi tulikuwa wafanyakazi, mchana wachezaji. Kila vuli kocha humwita ofisini mchezaji mmoja au wawili, na yule anayeambiwa "umetutumikia vizuri" anajua ameisha. Kesho yake anavaa ovaroli kutwa nzima. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa mdakaji, magoti yakakataa. Wakanipeleka kwenye tanuru la kuyeyushia chuma, lakini mchana walinibakiza na timu kama mtunza vifaa, kwa kuwa sikuweza kuachana nayo na Kocha Hanaoka alinionea huruma. Kwa hiyo mifuko ya magongo nilikuwa naibeba mimi. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Isobe alinitangulia kwa miaka miwili. Kwetu miaka miwili si mchezo. Nilimwita kaka tangu siku ya kwanza, nikamfulia soksi mwaka wangu wote wa kwanza, na hata nilipokuwa na mke na watoto wawili sikuwahi kuketi mezani kabla yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kusimama mara moja na gongo mkononi katika uwanja mkubwa wa Tokyo, kwenye mashindano ya viwanda ya mwezi wa Julai, akiwa amevaa shati la Pampu. Miaka kumi na saba tulikuwa tunaishia Juni, kwenye mechi za mkoa, na mara nyingi waliotutoa walikuwa watu wa kiwanda cha waya ng'ambo ya mto. Sisi tunawaita Waya. Wao wanatuita Pampu, na wakitufunga wanatuuliza kama maji yamekatika.

Gongo lenyewe lilitengenezwa katika karakana yetu kabla hatujazaliwa. Ni bomba nene la chuma, limejazwa madini ya risasi kichwani, limevingirishwa utepe mweusi mahali pa kushika. Uzito wake unakaribia mara mbili ya gongo la mbao tunalopigia mpira. Mpigaji anayestaafu humkabidhi yule anayeona anafaa kumrithi, na Isobe alilipokea kwa mikono miwili kutoka kwa Mzee Nishiwaki. Mzee huyo alimwambia, "Lizungushe mpaka la mbao uone umeshika kijiti cha kulia wali." Isobe alilichukulia neno hilo kama kiapo. Kila siku alikula chakula cha mchana kwa dakika nane, akaenda nyuma ya chumba cha boila, akazungusha mara mia tatu. Nyayo zake zilichimba vishimo viwili ardhini. Mvua ikinyesha vilijaa maji, na madereva wa forklifti walivijua wakavikwepa.

"Isobe," Bi Tamaki wa jikoni alikuwa akimtania, "ukimaliza kulipunga hilo dubwana lako njoo unitwangie mchele wa mwaka mpya."

"Nikitwanga mimi, mama, kinu kitapasuka."

"Kinu kipasuke! Mpira wenyewe hupasui, utapasua kinu?"

Bwalo zima lilicheka, naye akacheka akiwa ameinamia bakuli. Utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Katika mazoezi Isobe aliutuma mpira mpaka nje ya uzio, ukaangukia kwenye mashamba ya vitunguu ya jirani, mara kwa mara mpaka jirani akaja kulalamika. Kwenye mechi alichelewa. Si sana, kidogo tu, nusu ya kope kupepesa. Akiwa na miaka thelathini kocha alimtoa kwenye kikosi cha kwanza, akamfanya mpigaji wa akiba, yule anayeitwa mwishoni mambo yakiwa magumu. Kazi hiyo ni ya kukaa na kungoja. Isobe hakukaa. Kuanzia zamu ya sita alikuwa pembeni ya benchi analizungusha lile chuma, hamsini, themanini, jasho linamtiririka, ili akiitwa awe tayari. Akiitwa, nilikuwa nalipokea chuma kutoka mikononi mwake na kumpa la mbao.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Miaka miwili kabla ya mwisho alikuja kijana mmoja kutoka maabara ya kupimia pampu, Kashiwagi, mwembamba, mwenye miwani, hajawahi kucheza besiboli hata ya mtaani. Alikuwa na kipimo kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, anachokibandika kwenye kitako cha gongo, nacho kinaonyesha mkono unakwenda kasi gani. Aliwapima wachezaji wote kwa wiki tatu. Siku moja akanijia tanuruni na karatasi zake, uso umemwiva kwa joto.

"Kaka Mizoguchi, huyu Kaka Isobe anajifunga breki mwenyewe."

"Breki gani?"

"Akipiga bila kugusa chuma, hakuna mtu kwenye timu anayemfikia kwa kasi. Hakuna. Akizungusha chuma kwanza, anashuka mpaka nafasi ya kumi na moja. Na hajui, kwa sababu mkono unamdanganya. Ukishika kizito halafu ukashika chepesi, unahisi unaruka. Kumbe umechelewa."

"Kwa hiyo lile gongo ni baya?"

"Si baya. Azungushe kutwa akitaka, linamjenga mwili. Asilizungushe tu kabla ya kupiga. Nusu saa tu aliache."

Nusu saa! Kijana alinitazama akitabasamu, kama mtu aliyeokota pochi na kumwona mwenyewe palepale. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine. Nilikuwa nafikiria nani atamwambia.

Aliye nje ya nchi yetu ataona hili ni jambo dogo. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba anakosea, hasa katika kitu alichokishika kwa miaka kumi na mitano, hasa kama kitu hicho alikabidhiwa na mkubwa wake mwenyewe. Na Mzee Nishiwaki alikuwa hai, kila mechi yuko safu ya tatu na taulo shingoni, anatikisa kichwa kwa furaha kila akilisikia chuma likivuma. Ukimwambia Isobe, umemwambia na mzee.

Kashiwagi aliandika waraka. Kiwandani kwetu waraka huzunguka kutoka meza hadi meza, na juu yake kuna mstari wa visanduku, kila kisanduku na jina la mtu. Ukisoma unagonga muhuri wako mdogo mwekundu na kumpelekea anayefuata. Mdogo huuinamisha muhuri wake kidogo, uonekane unamsujudia mkubwa aliye pembeni. Waraka ulianza kwa vijana. Ukafika kwangu. Baada ya kisanduku changu kulikuwa na cha Isobe, na baada ya cha Isobe, cha mwisho, cha Kocha Hanaoka.

Niliusoma. Niligonga muhuri wangu, nikauinamisha vizuri kuelekea kisanduku cha kaka yangu. Halafu nikapita mbele ya meza yake, yeye akiwa anakula ndizi na kusoma ratiba ya mechi, nikaenda kuuweka kwenye meza ya kocha.

Kocha aliona pengo. "Na Isobe?"

"Nitamweleza mwenyewe, kocha. Taratibu. Nikipata wakati mzuri."

Hanaoka alikaa akishika muhuri wake hewani. Alikuwa mtu mzuri, na mtu mzuri naye anajua kujificha. "Ndiyo," akasema, "kutoka kwako itakuwa laini zaidi." Akagonga.

Wakati mzuri haukupatikana. Nilijaribu mara moja, tuko wawili kwenye gari tukirudi kutoka Maebashi. Nikasema, "Kaka, hivi huchoki na lile chuma?" Akanijibu, "Nikichoka ndipo nalihitaji." Nikawasha redio. Hiyo ndiyo juhudi yote niliyoifanya. Katika misimu miwili aliitwa kupiga mara thelathini na moja. Baadaye nilihesabu kwenye daftari la mechi. Mara thelathini na moja nilimwona akilitoa chuma kwenye mfuko nilioufungua mimi, na nikanyamaza. Timu nzima ilinyamaza. Kashiwagi aliacha kuja mazoezini.

Aprili mkurugenzi alituita bwaloni, akainama mpaka tukaona utosi wake, akasema timu itafungwa mwisho wa mwaka. Vijana walilia. Isobe hakulia. Alitoka nje, na baada ya muda tukalisikia chuma nyuma ya boila. Siku hiyo alizungusha mia sita. Mke wake, Fusae, aliniambia baadaye kwamba jioni ile mumewe alishindwa kufunga vifungo vya shati, akamfungia yeye.

"Mwaka huu tunakwenda Tokyo," Isobe aliniambia kesho yake. Hajawahi kusema neno kama hilo. "Lazima, Mizoguchi. Hakuna mwakani."

"Tunakwenda, kaka," nikasema.

Na nusura twende. Timu iliyohukumiwa hucheza vizuri, sijui kwa nini. Tuliwapiga watu wa gesi, tukawapiga watu wa benki, tukafika mechi ya mwisho ya mkoa na Waya. Ilikuwa Juni, mvua za manyunyu, mpira unateleza. Zamu ya tisa, ya mwisho, wako mbele kwa pointi moja. Tumeshatolewa wawili, akitolewa wa tatu mechi imekwisha, na mwenzetu mmoja yuko kituo cha tatu, akifika nyumbani tunasawazisha. Kocha Hanaoka aligeuka. Hakuwa na haja ya kutaja jina. Isobe alikuwa ameshasimama, kifua kinapanda na kushuka, chuma mkononi.

Alikuwa amelizungusha tangu zamu ya tano. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo bila kutaka: mia moja na kumi.

Alinipa chuma. Lilikuwa la moto. Nikampa la mbao, naye akalipima hewani mara mbili na uso ukamng'aa. "Jepesi, Mizoguchi," akasema. "Leo ni jepesi kama unyoya."

Ningeweza kusema hata pale. Ningeomba muda, ningejifanya kamba ya kiatu chake imefunguka, ningemwambia apumue, apige maji usoni, angoje mkono upoe. Nilisema, "Nenda, kaka."

Mrushaji wa Waya alirusha mpira ulionyooka, wa kasi, katikati kabisa, mpira ambao Isobe kwenye mazoezi angeupeleka kwenye vitunguu. Akachelewa. Mpira uligusa juu ya gongo, ukapaa kushoto, mrefu, mwororo, na kijana wao akausubiri chini akiwa amefungua glavu na mdomo, akaudaka. Pampu ikaisha hapo. Mzee Nishiwaki alivua kofia. Isobe alisimama palepale mpaka mwamuzi akamgusa mkono.

Ila haikuwa imeisha kwake. Kuna kanuni ya zamani katika mashindano hayo, wala hakuna anayeishangaa: kiwanda kinachokwenda Tokyo kinaruhusiwa kuazima wachezaji watatu kutoka kwa wale kiliowafunga. Wiki moja baadaye kocha wa Waya alipiga simu. Alimtaka mrushaji wetu kijana, alimtaka mlinzi wetu wa kati, na alimtaka Isobe.

"Nivae shati la Waya?" Isobe aliuliza. Tulikuwa ofisini kwa kocha, mimi nikimimina chai ya shayiri.

"Ni heshima, Isobe," Hanaoka alisema. "Begani watakushonea nembo yetu."

"Nembo ndogo hivi?" Akaonyesha ukubwa wa biskuti.

"Ndogo, ndiyo. Lakini yetu."

Alikataa siku mbili. Fusae ndiye aliyemgeuza. Alinisimulia alivyomwambia: "Miaka kumi na saba nimekufulia tope. Mimi nataka kuuona huo uwanja, na wewe ukiwa ndani. Shati lolote." Akakubali.

Nilimpeleka mimi kwa gari, ng'ambo ya mto, na mfuko wa vifaa nyuma. Kocha wa Waya, Terauchi, alikuwa mdogo kwa Isobe kwa umri, amesomea nje, anaongea haraka. Alimwinamia vizuri, akampa shati, akamkaribisha. Kisha akaona chuma likichungulia kwenye mfuko.

"Bwana Isobe, hilo naomba libaki kwenye gari."

Isobe alidhani ni utani. "Hili ni langu la kupashia mkono."

"Najua. Tumelisoma. Ninyi wenyewe mmeshalipima, tena kazi safi kabisa. Kocha wako ametuletea faili lako lote, nikasema, kumbe Pampu wana mtu wa vipimo kama huyu! Kwa hiyo hapa utapiga bila chuma, sivyo? Kama mlivyokubaliana." Akafungua faili, akalishika wazi mbele yake.

Nilikuwa hatua tatu nyuma. Niliuona ule mstari mwekundu juu ya karatasi. Mihuri minane, na kisanduku kimoja cheupe katikati ya wangu na wa kocha. Nilisema naenda kutafuta mahali pa kuegesha gari, ingawa lilikuwa limeegeshwa. Nikakaa ndani ya gari na mikono kwenye usukani, nikimwomba yeyote anayesikiliza kwamba Isobe awe ameangalia tarakimu tu, asiwe ameangalia juu.

Siku ile alipiga bila chuma. Nilisikia sauti kutoka garini. Mpira ukipigwa sawasawa hutoa sauti kavu, fupi, na niliisikia mara kumi na tisa mfululizo, na kila mara watu wa Waya walipiga kelele. Aliporudi garini alikuwa amejipangusa uso. Akafunga mkanda. Njia nzima sikuwasha redio.

Julai tulikwenda Tokyo, mabasi kumi na manne ya Waya na basi moja la Pampu. Tulikaa katikati ya mashabiki wao, tumevaa bluu yetu ndani ya njano yao, na walitupokea vizuri, wakatugawia matonge ya wali na feni za karatasi. Fusae alikaa pembeni yangu. Alikuwa amevaa kofia ya zamani ya Isobe na hakula kitu.

Mechi ya kwanza hakuitwa. Ya pili waliitwa wengine mpaka zamu ya tisa. Waya walikuwa nyuma kwa pointi moja, mtu mmoja kituo cha kwanza, na msemaji wa uwanja akatangaza: "Anaingia kupiga, Isobe, kutoka kiwanda cha pampu." Wapiga ngoma wa Waya walibadilisha wimbo wakapiga wetu. Walikuwa wamejifunza makusudi, kwa ajili ya mtu mmoja. Basi letu lote lilisimama likilia.

Nilimwangalia mikono. Alipotoka benchini mkono wa kulia ulikwenda pembeni kutafuta kitu kizito, ukakosa, ukarudi. Alilishika gongo la mbao peke yake. Hakulipunga hata mara moja.

Mpira wa kwanza aliuacha. Wa pili akaupiga. Sijui niueleze vipi. Nilikuwa mdakaji, nimesikiliza magongo maisha yangu yote, na ule ndio mpira uliopigwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuisikia. Ulipita katikati ya walinzi chini kwa chini, ukagonga ukuta wa mwisho, mtu wetu, yaani mtu wao, akakimbia mpaka nyumbani, na Isobe akasimama kituo cha pili. Wamesawazisha. Watu elfu tano walikuwa wanapiga kelele jina lake. Mwenzake wa Waya alimwonyesha ngumi kwa furaha kutoka benchini.

Isobe hakuinua mkono. Alisimama juu ya kituo, ameangalia chini, kisha akageuza kichwa polepole akatutazama sisi wa bluu. Alikuwa mbali, sikuyaona macho. Lakini nilijua anatafuta nani.

"Mbona hafurahi?" Fusae aliniuliza, machozi yanamtoka, anacheka. "Mizoguchi, mbona hafurahi?"

Nilimwambia kaka ana aibu, unamjua.

Zamu zikaongezwa, na Waya wakafungwa ya kumi na moja. Tulirudi nyumbani.

Kutoka hapo mpaka Desemba hakunisemesha kuhusu jambo lile. Hakunipiga, hakuninunia. Alinisalimia kila asubuhi, alinipokea chai, alinishukuru. Afadhali angenitukana. Kuna siku nilimfuata bohari ya vipuri, alikohamishiwa kutwa nzima, nikaanza, "Kaka, kuhusu ule waraka," akasema, "Mizoguchi, leo kuna mzigo wa Niigata, ngoja nimalize kwanza." Sikurudia tena. Nyuma ya boila vile vishimo viwili viliota majani. Mzee Nishiwaki alifariki Oktoba, na kwenye mazishi Isobe aliweka ubani, akainama muda mrefu kuliko watu wote. Hakuna aliyemwambia mzee chochote mpaka mwisho. Tulimwogopa bure, labda. Labda angecheka tu na taulo lake.

Siku ya kufunga chumba cha timu upepo mkavu wa Akagi ulikuwa unapiga mabati. Nilikuwa peke yangu, napanga helmeti kwenye maboksi, ndipo Isobe akaingia na ovaroli ya bohari, chuma mkononi. Akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Vifaa vinarudishwa leo, sivyo?"

"Kaka, hilo si la kurudisha. Unamkabidhi anayefuata."

"Anayefuata ni nani?"

Nikashika helmeti nyingine. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa kifuani, akaikunjua, akailaza juu ya meza pembeni ya chuma, akainyoosha kwa kiganja chake chenye sugu. Kumbe aliiomba kwa Terauchi, na alikuwa nayo tangu Julai. Ile mihuri ilikuwa imefifia kidogo. Wangu ulikuwa vilevile, umeinama kwa adabu kabisa kuelekea mahali pasipo na kitu.

"Huu ni wako?"

"Ni wangu, kaka."

"Tarehe hii ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Mara ngapi nilipiga tangu hapo?"

"Thelathini na mbili, ukihesabu na ile ya Juni." "Kaka, niseme nini? Nilikuwa nakuheshimu. Kweli nilikuwa nakuheshimu."

Alilifikiria hilo. Nilimwona akilifikiria kwa haki, kama alivyofanya kila kitu.

"Najua," akasema. "Wote mlikuwa mnaniheshimu."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kimuhuri chake, kile cha mbao cha bei rahisi ambacho sote tunacho. Akakipulizia kwa pumzi wino ulainike. Akainama juu ya meza, akatafuta kisanduku chake katikati ya wangu na wa kocha, akagonga, akabana kwa muda, akainua. Jina lake lilitoka wima, jekundu, safi, halikumwinamia mtu yeyote.

"Nimesoma," akasema. "Rudisha ofisini."

Akaniinamia, akatoka, akaufunga mlango taratibu kwa sababu ya upepo. Ofisi ya timu ilikuwa imefungwa tangu asubuhi na mezani kwa kocha hakukuwa na kitu. Karatasi ninayo mimi mpaka leo, kwenye kabati langu la tanuruni, pamoja na lile chuma.